Mahakama ya Mwanzo na deni la hospitali: tathmini ya huduma kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Mgonjwa akiruhusiwa wodini na bili haijaisha, njia zilizo mbele yake ni tatu: meza ya ustawi wa jamii pale pale hospitalini, simu za mkusanya madeni, na Mahakama ya Mwanzo. Wengi wa huku wanaiogopa ya tatu kuliko ya pili, na ya kwanza hawaijui kabisa. Ndiyo maana mtu yuko radhi kumlipa mkusanya madeni laki mbili za "ufuatiliaji" ili jina lake lisifike mahakamani, wakati mahakamani hizo laki mbili zingeulizwa zimetoka wapi.

Tunachopima hapa ni Mahakama ya Mwanzo kama huduma, na tunaipima zaidi kwa jicho la mdaiwa. Mdai ana mhasibu, ana faili na ana muda. Mdaiwa ana bahasha ya kaki yenye risiti zilizofubaa na nauli ya siku moja. Wakusanya madeni nao watapata alama zao humu ndani, ingawa hatutaji kampuni wala hospitali yoyote.

Kuna mkanganyiko wa kuondoa kwanza. Video nyingi zinazosambaa simuni kuhusu "mahakama ya madai madogo" zinatoka Kenya. Wenzetu wana sheria yao ya 2016, kikomo ni shilingi milioni 1 ya kwao, na shauri linatakiwa liishe ndani ya siku 60. Tanzania hatuna mahakama ya jina hilo. Kazi hiyo inafanywa na Mahakama ya Mwanzo chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Deni linalotokana na mkataba linasikilizwa hapo mradi lisizidi shilingi milioni 30. Likiwa ni deni linalodaiwa na Serikali au halmashauri, kikomo ni milioni 50. Viwango hivyo ni vya tangu 2016. Kabla ya hapo vilikuwa milioni 3 na milioni 5, na bado utamkuta mtu kijiweni anakuapia kwamba Mwanzo haigusi zaidi ya milioni 3. Bili ya upasuaji, ya mtoto njiti au ya mguu uliovunjwa na bodaboda pale Mwanjelwa, Mbeya, zote zinaingia humo kwa raha.

Upande wa lugha hatuna lalamiko. Mwanzo imekuwa ya Kiswahili miaka yote, hata pale mahakama za juu zilipokuwa bado zinaandika hukumu kwa Kiingereza. Madai yanaweza kutolewa kwa mdomo na yakaandikwa hapo hapo. Ada inalipwa kwa kontroli namba, kwa hiyo karani akikwambia umpe mkononi, mwombe kontroli namba kwa upole na usubiri. Kanuni za ushahidi ni nyepesi kuliko za mahakama za juu: mdai lazima athibitishe kila jambo linalojenga dai lake, isipokuwa kama mdaiwa amelikubali, na hakimu anaangalia ushahidi wa nani umezidi uzito. Hilo neno "amelikubali" lishike, maana ndipo watu wanapoumia.

Wanaumia kwa sababu deni la hospitali halianzi mahakamani. Linaanza dirishani, siku ya kuruhusiwa, saa kumi jioni, gari la kukodi likiwa nje na dereva anapiga honi. Mhasibu anatoa karatasi moja yenye kichwa kama "Hati ya Kukiri Deni" au "Ahadi ya Malipo". Ina mistari mitano au sita: jina la mgonjwa, namba ya faili, kiasi kinachobaki, tarehe ya mwisho ya kulipa, halafu sehemu ya saini mbili. Ya kwanza ni ya mgonjwa. Ya pili imeandikwa "mdhamini", "ndugu" au "mhusika", na hapo ndipo mjomba aliyekuja kumchukua mgonjwa anaweka saini akidhani anathibitisha kwamba amemchukua salama.

Mdhamini, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anabeba deni sawasawa na mdaiwa mwenyewe isipokuwa mkataba useme vingine. Mdai hana lazima ya kumaliza kwanza kwa mgonjwa ndipo aje kwa mjomba. Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, soma neno lililo chini ya mstari wako. Kama unakubali kupokea simu na kumkumbusha mgonjwa, andika mwenyewe pembeni ya saini: "Shahidi tu, si mdhamini." Maneno manne. Mhasibu akikataa, umeshajua karatasi ile ilikuwa ya nini.

Kiasi nacho kisiachwe kipite. Ukisaini kwamba unakiri deni la shilingi 1,440,000, mahakamani hospitali haina kazi tena ya kuthibitisha kila sindano. Umewafanyia kazi yao. Kama bili hujaikagua, andika "kiasi kitahakikiwa kwa bili ya mchanganuo" kisha saini. Na mchanganuo uombe siku hiyo hiyo. Hospitali nyingi siku hizi zinatumia mfumo wa kompyuta, kwa hiyo kuuchapa ni dakika chache.

Maiti ni jambo la peke yake. Serikali imeshatamka zaidi ya mara moja kwamba mwili wa marehemu usizuiwe kwa sababu ya deni. Mwili unatoka, lakini ndugu wanasainishwa ahadi ya kulipa, na ile ahadi ndiyo inayoibuka mahakamani baada ya miezi kadhaa. Deni la marehemu ni la mirathi yake. Mdai anatakiwa amfuate msimamizi wa mirathi, na msimamizi analipa madeni kabla ya kugawa mali. Mtoto wa marehemu harithi deni kwa kuwa ni mtoto, na shemeji ndiyo kabisa. Ila aliyesaini kwa jina lake mwenyewe amejifunga mwenyewe, hapo mirathi haimkingi. Kama lazima mtu asaini ili mazishi yaendelee, asaini "kwa niaba ya familia, deni lilipwe kutoka mali ya marehemu". Anaweza pia kujitetea kwamba alisaini kwa kushinikizwa, kwa kuwa sheria inataka ridhaa huru, ila mzigo wa kuonyesha shinikizo hilo utakuwa juu yake: nani alisema nini, mbele ya nani, saa ngapi. Mume kwa mkewe ni habari nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwekea wajibu wa kumtunza mke na watoto, kwa hiyo utetezi wa "mgonjwa ni mke wangu lakini mimi sikusaini" haumfikishi mbali.

Sasa ile meza ya ustawi wa jamii, ambayo tungeipa alama za juu kama ingefunguliwa saa ambazo wagonjwa wanaruhusiwa. Kwenye vituo vya serikali yapo makundi yenye msamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Nje ya makundi hayo, asiye na uwezo anahojiwa na Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye anaweza kupendekeza asamehewe au alipe kidogo kidogo. Barua ya mtendaji wa kijiji au kata inasaidia sana, na iletwe mgonjwa akiwa bado kitandani. Akisharuhusiwa na karatasi ya kukiri deni imeshasainiwa, faili limehamia kwa mhasibu, na ustawi wa jamii hana tena nguvu juu yake. Hospitali za mashirika ya dini nyingi zina utaratibu unaofanana na huo, ila ni wa hiari yao. Uliza kwa jina la "ofisi ya ustawi" usiulize "msamaha", maana neno hilo linamfanya keshia akunje uso.

Bili yenyewe isomwe mstari kwa mstari. Tuseme imeandikwa 1,840,000 na ulishaweka amana ya 400,000, kwa hiyo unadaiwa 1,440,000. Angalia kwanza siku za kitanda: siku ya kuingia usiku na siku ya kutoka asubuhi zinapenda kuhesabiwa zote mbili kamili. Pili, dawa. Famasi ya hospitali ikiishiwa, ndugu wanatumwa kununua nje, lakini dawa ile ilishaandikwa kwenye mfumo na mara nyingine haifutwi. Kama una risiti ya duka la dawa ya tarehe ile ile, yenye jina la dawa ile ile, hilo ni punguzo halali. Tatu, vipimo vilivyoagizwa na havikufanyika kwa sababu mashine ilikuwa mbovu au umeme ulikatika: kila kipimo kina majibu, kwa hiyo mstari usio na majibu kwenye faili ni wa kuuliza. Nne, dawa zilizorudishwa baada ya daktari kubadilisha tiba. Katika mfano wetu, dawa za nje 186,000 na kitanda cha siku moja 20,000 vikitolewa, deni linabaki 1,234,000. Tofauti ya 206,000 si ya kuachia. Wenye bima nao wakumbuke kwamba fomu ya madai wanayosainishwa inatakiwa isomwe ikiwa imeshajazwa. Fomu tupu yenye saini yako ni hundi tupu.

Baada ya hapo wanakuja wakusanya madeni. Huduma yao, kwa mdaiwa, tunaipa alama 1 kati ya 5, na hiyo moja ni kwa sababu wapo wanaokubali kupanga awamu. Kazi yao ni kupiga simu na kuandika barua. Hawana mamlaka ya kukamata mali, kuingia ndani kwako, kumchukua mtu, wala kuongeza pesa ambayo haimo kwenye mkataba. Kwenye ule mfano wa 1,440,000, barua yao itakuja na "gharama za ufuatiliaji asilimia 15", yaani 216,000, na jumla kuwa 1,656,000. Jibu kwa maandishi mafupi: "Naomba nakala ya mkataba wangu na hospitali unaonitaka nilipe asilimia hiyo, nakala ya bili ya mchanganuo, na barua ya hospitali inayowapa ninyi idhini ya kudai." Mambo matatu, karatasi moja, weka nakala. Barua ya idhini ina maana kubwa, kwa sababu mtu anaweza kununua kadi ya simu leo na kesho akajiita ofisi ya makusanyo. Pesa yoyote ilipwe kwa kontroli namba au akaunti ya hospitali, isiende kwenye namba ya mtu binafsi hata kama anakuahidi punguzo.

Watu wanawachanganya hawa na dalali wa mahakama, yule anayekamata mali kutekeleza hukumu. Dalali wa mahakama anateuliwa chini ya kanuni za 2017, Tangazo la Serikali Namba 363, na anakuja akiwa na amri ya mahakama yenye muhuri na namba ya shauri. Asiye na karatasi hiyo ni mgeni tu aliyekuja kwako kuongea, unaweza kumkaribisha chai au usimkaribishe. Polisi pia hawahusiki: deni la hospitali ni madai, siyo jinai. Mtu akitumia kadi ya bima ya mwenzake ndipo jinai inapoingia.

Kuna tabia nyingine ya kupigia mstari. Mkusanya madeni anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kazini, akitaja ugonjwa na wodi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya aliyetuma na tarehe, halafu mwandikie yeye pamoja na hospitali iliyompa faili. Hospitali nayo inawajibika kwa taarifa ilizozitoa, na mara nyingi barua kwa hospitali inazima moto haraka kuliko ugomvi na mpiga simu.

Tahadhari kuhusu "tuma hata elfu kumi nionyeshe bosi". Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Malipo yoyote, au barua yenye saini yako inayokiri deni, yanaianzisha hiyo miaka 6 upya. Deni la 2020 ambalo limebakiza wiki mbili kuzeeka linapata ujana kwa elfu kumi. Hatusemi usilipe unachodaiwa kwa haki. Tunasema usilipe elfu kumi kwa kuchoshwa na simu.

Tukifika mahakamani, kwanza inafika hati ya wito. Inaletwa na mpeleka wito, mara nyingi kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Angalia vitu vinne: jina la mahakama, namba ya shauri, tarehe na saa, na jina la mdai. Shauri hufunguliwa pale mdaiwa anapoishi au pale deni lilipozaliwa, kwa hiyo mtu wa Tukuyu aliyetibiwa Makete anaweza kuitwa Makete. Hapa ndipo huduma inapopoteza alama nyingi kwa watu wa milimani. Kila ahirisho ni nauli, ni kulala ugenini, na kama ni Juni au Julai ni baridi ya kukata mifupa. Tarehe ya kwanza mara nyingi ni ya kutajwa tu, dakika tano, halafu "tarehe nyingine". Kwa kasi tunaipa 2 kati ya 5.

Jina la mdai ni pale mtaalamu anapoanza kusoma. Hospitali nyingi za huku, hasa za makanisa, zenyewe kama zenyewe siyo mtu kisheria. Ni mali ya bodi ya wadhamini waliosajiliwa au ya kampuni. Shauri lililofunguliwa kwa jina la jengo linaweza kuondolewa, na mdai akaambiwa alete upya kwa jina sahihi. Kuondolewa hakufuti deni, kunakupa muda tu. Kosa kubwa zaidi ni mkusanya madeni kufungua shauri kwa jina lake: mkataba hana, deni halikuzaliwa kwake. Na hata akija kama mwakilishi, sheria inamtaka anayeiwakilisha taasisi Mwanzo awe mwajiriwa wake aliyeidhinishwa. Wakala wa kamisheni siyo mwajiriwa. Hoja hiyo iseme siku ya kwanza kabisa, kabla ushahidi haujaanza, kwa sentensi moja: "Mheshimiwa, naomba aonyeshe kitambulisho cha kazi na barua ya kuidhinishwa."

Wewe nawe unaweza kuwakilishwa na ndugu au mtu wa nyumbani kwako kwa ruhusa ya mahakama, jambo zuri kwa mgonjwa ambaye bado hatembei. Mawakili walikuwa hawaingii Mwanzo kabisa. Tangu marekebisho ya 2021 wanaruhusiwa pale tu ambapo hakimu anayesikiliza ni hakimu mkazi, yaani mwenye shahada ya sheria. Kwa deni la milioni moja na ushee, wakili atakula zaidi ya atakachookoa. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatosha kukuandalia majibu, na huduma yao ni bure.

Kosa baya kuliko yote ni kutokwenda. Mdaiwa akipata wito na asitokee, mdai anathibitisha dai lake peke yake na hukumu inatoka, pamoja na ile asilimia 15 ambayo hakuna aliyeuliza. Inawezekana kuomba hukumu hiyo iwekwe pembeni, lakini utatakiwa ueleze kwa nini hukuja, na "sikuwa na nauli" ni sababu nyembamba. Kama kweli huwezi kufika, mtume ndugu na barua siku hiyo hiyo asubuhi, ikiwa na cheti cha daktari au maelezo ya mtendaji. Mdai naye asipotokea, shauri linaweza kufutwa, ndiyo maana inafaa uwe umekaa kwenye benchi saa mbili asubuhi hata kama karani alikwambia saa nne.

Hakimu atakusomea madai na kukuuliza: unakubali au unakataa? Watu wa heshima wanajibu "nakubali Mheshimiwa, ila…" na karani ameshaandika "amekubali". Jibu linalofaa, kwa mfano wetu, ni hili: "Nakubali kudaiwa shilingi 1,234,000. Nakataa shilingi 206,000 za dawa na kitanda, na nakataa gharama za ufuatiliaji." Sehemu uliyokubali inaisha hapo, mabishano yanabaki kwenye vipande vilivyobaki, na shauri linaweza kumalizika kwa kikao kimoja badala ya vinne. Vielelezo viletwe kwa mpangilio wa tarehe, nakala tatu: yako, ya mahakama, ya mdai. Risiti za mashine hufifia zikikaa karibu na joto au mfukoni, kwa hiyo zitolee nakala mapema. Ujumbe wa malipo ya simu uombee taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, kwa sababu simu ikiibiwa Kabwe ushahidi umekwenda nao. Kama hospitali ndiyo inayokudai na wewe una dai juu yake, mfano amana ambayo haikurudishwa, liweke kama madai kinzani humo humo.

Halafu awamu, na hapa ndipo Mwanzo inapopata 5 kati ya 5. Mahakama ina uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa awamu, na hakimu wa huku anajua mfuko wa mkulima unajaa lini. Usiseme "nitalipa nikipata". Leta ratiba. Mwenye mshahara aseme 150,000 kila tarehe 30 kwa miezi 8, jumla 1,200,000, na 34,000 mwezi wa tisa. Mkulima wa mpunga wa Mbarali, ambaye mavuno yake yanakuja kati ya Mei na Julai, aombe fungu kubwa Julai na kidogo kidogo miezi mingine. Wa viazi wa Uporoto au parachichi wa Njombe apange kwa misimu yake vivyo hivyo. Ratiba yenye tarehe za mavuno inaaminika kuliko kiapo. Ila usiahidi usichoweza, kwa sababu awamu moja ikikosekana mdai anaweza kurudi kuomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu, kwa deni lote lililobaki.

Kukazia hukumu ndiko kunakoleta dalali. Nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na zana za fundi za kujipatia riziki havikamatwi. Cherehani ya fundi nguo ni zana, pikipiki ya matembezi siyo. Dalali akifika, mpe orodha ya mali za wengine zilizomo ndani, pamoja na risiti zenye majina yao, kabla hajazibeba. Akishazibeba, mwenye mali atalazimika kufungua maombi mahakamani ya kuzikomboa, na gharama za kuzihifadhi zinaendelea kuhesabiwa. Kwa upande wa mdai, hii ndiyo sehemu dhaifu ya huduma nzima: hukumu anaipata, mali ya kukamata haipo. Hospitali yenye akili inakubali ratiba mapema.

Asiyeridhika na hukumu anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Omba nakala ya hukumu siku inaposomwa, kwa barua yenye tarehe, ukapigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, iwe Mbeya au Iringa, ni siku 30 nyingine, lakini kwa kubishania 206,000 hatuoni faida ya kufika huko.

Ukimaliza awamu ya mwisho, usitoke na risiti peke yake. Dai barua ya hospitali inayosema deni limekwisha, ipeleke kwa karani iwekwe kwenye jalada, na nyingine mpe mkusanya madeni aliyekuwa anakupigia, naye asaini kupokea. Barua hiyo iwe na namba ya shauri na namba ya faili la hospitali, siyo jina tu. Rungwe hii majina yanayoanza na Mwa- yamejaa daftari zima.